Jiko na Kitanda Ndani ya Chumba Kimoja: Kwa Wanaokwenda Fildi Njombe

Ukipangiwa fildi Njombe, swali la kwanza ni kodi ya chumba. La pili wengi wetu hatuliwazi mpaka godoro limeshatua sakafuni: humo ndani nitapika wapi, nitalala wapi?

Ukipita Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, tazama malori yaliyoegeshwa. Kitanda cha dereva kiko nyuma ya viti. Jiko, sufuria na unga viko kwenye boksi lililofungwa ubavuni mwa tela. Dereva na utingo wake wanapika nje, wanalala ndani, na kila chombo kina sehemu yake, maana gari likitikisika kisichofungwa kinamwagika.

Chumba cha geto hakitikisiki, ila mpango wake ni uleule: moto upande wake, usingizi upande wake. Kabla ya kuhamia, pima chumba kwa futi ya fundi na uchore. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukiamua sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 20 za chumba, kinakuwa mraba wa sentimita 15. Kata kikaratasi cha sentimita 6 kwa 9. Hilo ndilo godoro la futi 4 kwa 6, na linakula karibu robo ya chumba. Lisogeze huku na huku mpaka likae.

Chora pia njia ya mlango unapofunguka. Mimi sikuichora. Niliweka jiko nyuma ya mlango, mwenzangu akaja na salamu zake za "kamwene", akausukuma, na maharage ya siku mbili yakaenda sakafuni. Bahati nzuri hayakummwagikia mtu.

Jiko la gesi liweke karibu na dirisha, lakini pazia lisilifikie, na godoro la sponji likae walau mita 1 mbali. Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake usimame sakafuni, sio mezani. Na kumbuka, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, hivyo upenyo ulio chini ya mlango ndio njia yake ya kutokea. Sasa sisi kwa sababu ya baridi ndio tunauziba kwa tambara!

Baridi ndiyo inayoharibu mpango wote. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku ni mkali kweli. Mtu anaingiza jiko la mkaa, anafunga dirisha, analala. Anaona mkaa umekolea, hauna moshi, basi anadhani ni salama. Hapana. Mkaa ule unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, usingizi unakuzidi. Wewe unasema ni uchovu wa kazini au malaria. Ukilala hapo unaweza usiamke. Kwa hiyo kwenye mchoro wako jiko la mkaa lisiwe na nafasi kabisa ndani. Lipe kona yake barazani.

Joto litafute kwingine: kitanda kisiguse ukuta wa nje, mkeka au zulia juu ya sakafu ya saruji, pazia zito, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya blanketi. Hii ya chupa nilifundishwa na mama mwenye nyumba.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, iache karibu na mlango usije ukaivuta chumba kizima. Na maharage yaloweke usiku kucha. Kwa mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, sio 100, kwa hiyo yanachelewa kuiva, na mtungi wa kilo 6 utakwisha kabla bumu halijaingia.