SOMO LA KIKUNDI: CHAPATI INA NAFASI YAKE
Jinsi ya kupunguza uzito bila kuacha kila kitamu



Zamani ilisemwa kwamba mtu mnene ni mtu aliyeshiba, na aliyeshiba ana mali. Siku hizi tunajua kwamba unene kupita kiasi huleta shinikizo la damu, kisukari, na maumivu ya magoti na kiuno. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014, wanawake 33 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Hawa si watu wa Nairobi peke yao. Wako hata katika vikundi vyetu.

Wengi wameshaambiwa kliniki, "Mama, punguza uzito." Anarudi nyumbani na kuapa: hakuna chapati tena, hakuna soda, hakuna mandazi. Wiki ya kwanza anaweza. Wiki ya pili kuna arusi, anaonja kidogo, halafu anasema, "Basi, nimeshaharibu," na anakula mpaka asubuhi ya Jumatatu. Mwezi ukiisha uzito ni ule ule, na moyo umevunjika.

Somo hili linafundisha njia nyingine. Vyakula vya raha havifukuzwi. Vinaandikwa kwenye bajeti.

1. KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama vile lita ni kipimo cha maziwa. Mwili unatumia nguvu hiyo kulima, kutembea, kupumua na hata kulala. Ukila zaidi ya unachotumia, mwili unaweka akiba, na akiba yake ni mafuta. Ukila pungufu kidogo, mwili unakwenda kutoa kwenye akiba hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700.

Kwa hivyo mwili hauulizi, "Hii ni chapati au ni ugali?" Katika uzito, unahesabu jumla.

2. BEI YA VYAKULA TUNAVYOVIPENDA

Hesabu hizi ni za kukadiria:

- Sukari, kijiko cha chai (gramu 5): kalori 20
- Mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja: kalori 120
- Soda, chupa ya mililita 300: kalori 130
- Mandazi moja ya wastani: kalori 200
- Chapati moja: kalori 335
- Viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 100: kalori 85 hivi

Hiyo ya chapati tumeipataje? Kilo moja ya unga wa ngano ina kalori 3,500 hivi. Ukitumia vijiko vikubwa 10 vya mafuta, unaongeza 1,200. Jumla ni 4,700. Gawanya kwa chapati 14, utapata karibu 335 kila moja. Nyinyi mkipika 20 ndogo kutoka kilo hiyo hiyo, kila moja ina 235. Fanyeni hesabu yenu wenyewe.

3. BAJETI YA WIKI MOJA

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 40, mwenye kilo 80 na urefu wa sentimita 160, anayefanya kazi za nyumbani na za shamba. Kubaki na uzito wake ule ule anahitaji kalori kama 2,200 kwa siku. Akipunguza 500, anabaki na 1,700. Kwa wiki nzima ni 11,900. Akifuata hivyo, atapunguza karibu nusu kilo kwa wiki. Baadaye mwendo utapungua, kwa maana mwili mdogo unahitaji chakula kidogo. Asishtuke.

Sasa afanye kama mweka hazina wa kikundi. Kabla ya wiki kuanza, atenge 1,200 za vyakula vya raha. Zile 10,700 zinazobaki ni za chakula cha kawaida: ugali wa kiasi, githeri, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, managu, samaki, mayai, matunda.

Matumizi ya raha yawe hivi:

Jumapili, chapati 2: 670
Jumatano, mandazi 1: 200
Siku ya mkutano, soda 1: 130
Jumla: 1,000
Baki: 200

Mama huyu amekula chapati, mandazi na soda, na bado anapungua. Hakuiba, alipanga.

4. MWIZI NI NANI HASA?

Tena tumwangalie huyu mama. Anakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 9, kalori 180 kwa siku. Kwa wiki ni 1,260! Yaani sukari ya chai peke yake imemaliza hazina yote ya raha, na hata hakumbuki kama alikula kitu kitamu.

Hebu tuongeze mafuta. Akimimina mafuta kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwa mtungi, na sahani yake ikapata vijiko viwili zaidi ya vinavyohitajika, hizo ni kalori 240 kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hivyo tusiilaumu sana chapati ya Jumapili. Kinachotunenepesha zaidi ni kile cha kila siku ambacho hakihesabiwi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, yaani vijiko 10. Ikifika vijiko 5 ni bora zaidi. Punguza sukari ya chai polepole: kutoka vijiko vitatu hadi viwili, halafu kimoja. Ulimi huzoea.

5. MASHAURI YA KUFUATA

(a) Amua mapema. Kabla ya kwenda arusini jiambie, "Leo ni chapati moja na nyama, soda hapana." Ukiamua ukiwa mbele ya sinia umechelewa.

(b) Badilisha, usiongeze. Chapati ikiingia sahanini, ugali utoke. Jaza nusu ya sahani kwa mboga.

(c) Usile kitamu ukiwa na njaa. Kula chakula kwanza, halafu kitamu. Mwenye njaa hali mandazi moja.

(d) Usijinyime siku mbili ili ulipe deni la siku moja. Njaa ya namna hiyo hurudi na nguvu. Ukizidisha leo, mlo unaofuata uwe wa kawaida.

(e) Pima mafuta kwa kijiko.

(f) Ukialikwa, usimdharau mwenyeji. Pokea kidogo, kula polepole, sifu mpishi. Ukiongezewa, sema, "Asante dada, nimeshiba kweli."

6. MANENO YA WATU

Kuna jambo ambalo halisemwi wazi. Mtu akipungua kijijini, watu huanza kunong'ona: "Amekonda, lazima ni mgonjwa." Wengine wameacha mpango mzuri kwa sababu ya aibu hiyo tu. Hapa kikundi kina kazi. Wanaopunguza uzito wakijulikana na wenzao, na wakipimwa pamoja mara moja kwa wiki, porojo zinakosa pa kukaa.

7. TAHADHARI

Mpango huu si wa watoto, wala mama mjamzito au anayenyonyesha. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo, na mwenye ugonjwa wowote wa kudumu, aongee kwanza na daktari au muuguzi. Dawa za sukari na chakula kidogo pamoja zinaweza kumwangusha mtu. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Na mtu akikonda bila kujaribu, hiyo si baraka, aende hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika boma lako, sukari ya kilo moja inakaa siku ngapi, na watu ni wangapi?
2. Ni vyakula gani vitatu vya raha usivyotaka kuacha? Vinachukua kalori ngapi kwa wiki?
3. Ni nani hupanga chakula cha mkutano wetu, na tunaweza kubadilisha nini?

KAZI YA MWEZI HUU

Mkutano ujao chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe mezani pamoja na kijiko. Kila mtu ajitilie na kuhesabu. Pamoja na mandazi, kuwe na nduma, viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Katibu aandike vijiko vyote vilivyotumika. Mfanye hivyo tena baada ya wiki nne, mlinganishe hesabu hizo mbili.