Mechi ya Ugenini: Usirudi Nyumbani na Deni

Timu yako ya Nairobi inacheza Gusii Stadium, Kisii, Jumapili. Wewe ni shabiki sugu, lazima uende. Sawa, lakini umepiga hesabu?

Wengi huhesabu tiketi pekee, na hiyo ndiyo ndogo. Tuseme nauli ni 1,300 kwenda na 1,300 kurudi, kiingilio 200, chakula 500, boda boda 200. Hapo ni shilingi 3,500. Na nauli ya kurudi usiiamini: mechi ikiisha, mashabiki wote hukimbilia stage moja, na makanga wanajua. Bei inapanda ukiangalia.

Ukiwa na wiki tano, weka 700 kila wiki kwenye akiba ya simu, ile inayofungwa kwa muda. Hakikisha itafunguka kabla ya mechi. Pesa ikikaa kwenye salio la kawaida huishia kwa soda na bando, sote twajua.

Mkikodi basi, mtumie mhazini mchango wote mara moja. Ukituma mia mbili mbili, unakatwa ada kila mara. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha. "Wahazini" feki hawakosi kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nauli ya kurudi iache kwenye simu, usiitoe. Wezi wa mifukoni wanapenda msongamano wa langoni. Simu yenyewe ikipotea, azima ya mwenzako upigie huduma kwa wateja, laini ifungwe papo hapo.