Mzigo Huu ni wa Nani? Hatua za Kuchukua Ukikuta Begi Lisilo na Mwenyewe

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2021, watu waliojifanya wateja waliingia katika baa moja ya Komamboga, pembezoni mwa jiji la Kampala. Kwa maelezo ya polisi wa Uganda, waliweka mfuko wa plastiki chini ya meza, kisha wakaondoka. Muda mfupi baadaye mfuko ule ulilipuka. Mhudumu mmoja alifariki na watu wengine wakajeruhiwa.

Tukio jingine lilimalizika kwa heri. Tarehe 20 Desemba 2015, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Mauritius kwenda Paris ilitua kwa dharura katika uwanja wa Moi, Mombasa, ikiwa na watu 473, baada ya kitu cha kutia shaka kukutwa chooni. Wataalamu walipokichunguza walikuta maboksi, karatasi na saa ya jikoni. Baruti haikuwamo. Hata hivyo, uamuzi wa kutua ulikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuujua ukweli huo kwa kutazama tu.

Wewe na mimi hatutakiwi kujua kama mzigo fulani ni bomu. Kazi hiyo ina wenyewe, waliosomea na wenye vifaa. Yetu ni kuuliza, kujitenga na kutoa taarifa.

Kwanza, mtafute mwenyewe

Mizigo mingi inayokutwa peke yake imesahauliwa tu. Katika stendi kama ile ya Magufuli, Mbezi, abiria huacha begi kwenye benchi akakimbilia msalani, au hushuka na mtoto mgongoni, kapu likabaki. Kwa hiyo, uliza kwa sauti: “Jamani, huu mzigo ni wa nani?” Waulize walio karibu: kondakta, mkata tiketi, mama lishe, mlinzi wa lango. Mara nyingi mwenyewe hujitokeza na mambo yakaishia hapo. Usimgombeze, mwombe tu asiuache tena.

Asipopatikana, pima hali kwa maswali matatu ambayo polisi wa reli wa Uingereza huyatumia:

1. Je, umefichwa? Aliyesahau mzigo huuacha pale alipokuwa amekaa au amesimama. Begi lililosukumwa nyuma ya tangi la maji, ndani ya pipa la taka au chini kabisa ya kaunta lina maswali.

2. Je, una dalili za hatari zilizo wazi? Tazama kwa mbali kama kuna nyaya, betri, simu iliyobandikwa kwa gundi, unga au majimaji yanayovuja. Harufu kali ya kemikali nayo ni dalili, na vilevile mtu aliyeonekana akiuweka kisha akaondoka kwa haraka.

3. Je, ni wa kawaida kwa mahali hapo? Kiroba kikubwa kwenye stendi ya mabasi hakimshangazi mtu. Kiroba hichohicho mlangoni mwa benki ni jambo jingine. Wanaojua kilicho cha kawaida ni wenyeji wa eneo: mfagiaji, muuza magazeti, mpiga debe. Wasikilizwe.

Jibu moja tu likikutia wasiwasi, usiendelee kuchunguza.

Ukiwa na shaka, fanya hivi

Usiuguse mzigo. Usiufungue, usiusogeze, usiumwagie maji wala kuufunika.

Ondoka na uwaombe wengine waondoke, bila kupiga mayowe, maana watu hukanyagana wakitaharuki. Mwongozo wa Uingereza unataka watu wakae angalau mita 100 kutoka kwa begi la mgongoni, mita 200 kutoka kwa sanduku kubwa au gari dogo, na mita 400 kutoka kwa lori. Mita 100 ni kama kutoka goli moja hadi jingine katika uwanja wa mpira.

Usitumie simu wala redio ya mawasiliano ukiwa ndani ya mita 15 za mzigo huo. Sogea kwanza, ndipo upige.

Jikinge nyuma ya ukuta imara, mahali ambapo mzigo wenyewe huuoni, na ukae mbali na vioo. Katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, watu wengi waliosikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwapasukia usoni na wengine wakapoteza macho. Ukisikia kishindo, lala chini au jikinge. Usiende dirishani, na usibaki kupiga picha.

Piga simu polisi. Tanzania ni 112. Kenya ni 999, 112 au 911. Uganda ni 999 au 112. Eleza umeona nini, mahali gani hasa, saa ngapi, kwa nini unaushuku, na kama kuna mtu aliyeonekana akiuacha. Kisha baki mahali salama ambapo askari wanaweza kukupata.

Usirushe habari kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya polisi kusema neno. Uvumi huwaleta watazamaji eneo ambalo askari wanahangaika kuwaondoa watu.

Shuku mzigo, usishuku kabila wala dini

Kanzu, baibui, lafudhi ya kigeni au ugeni wa mtu si dalili ya bomu. Ukimpigia simu polisi, eleza kitendo ulichokiona. Umati unaomkamata na kumpiga mtu kwa sababu ya sura yake unavunja sheria, na unaweza kumuua aliyesahau begi la nguo.

Na anayetoa taarifa naye alindwe. Tarehe 27 Julai 1996, wakati wa Olimpiki ya Atlanta, mlinzi Richard Jewell aliona begi chini ya benchi katika bustani iliyojaa watu, akawaambia polisi na kusaidia kuwaondoa watu. Bomu lililipuka kabla kazi hiyo haijakamilika, lakini wengi walikuwa wameshasogea. Baadaye vyombo vya habari vilimtangaza yeye kuwa mshukiwa, hadi serikali ilipomsafisha. Jamii inayomtendea hivyo msema kweli huwafundisha wengine kunyamaza.

Wewe mwenye mzigo

Tumezoea kumwambia jirani wa benchi, “Naomba uniangalizie begi.” Tabia hiyo ni ya kuaminiana, lakini basi lake likiitwa ataondoka na begi litabaki. Nenda nalo, au liache kwenye ofisi ya kutunzia mizigo. Usishikie nafasi kwa begi. Usikubali kubeba kifurushi cha usiyemjua, hata akikulipa. Andika jina na namba ya simu kwenye mzigo wako. Ukikumbuka kwamba umeusahau na ukakuta eneo limeshafungwa, usivunje kizuizi. Mwendee askari ujitambulishe.

Vilevile, vumilia ukaguzi. Katika vituo vya treni ya SGR ya Nairobi na Mombasa, abiria hupanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wainuse kabla hawajaingia. Dakika hizo chache si usumbufu wa bure.

Kwa wasimamizi wa baa, masoko na nyumba za ibada

Kagueni vyoo, chini ya meza na viti, na mapipa ya taka kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Eneo safi, lisilo na marundo ya vitu, huufanya mzigo mgeni uonekane mara moja. Teueni mtu mmoja wa kupokea taarifa na kuamua kuwatoa watu, na wafanyakazi wote wamjue. Milango ya dharura isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Chagueni mapema sehemu mbili za kukusanyika, kwa sababu sehemu ya kwanza nayo inaweza kuwa imetegwa.

Polisi wakifungua begi wakakuta viatu na daftari, mshukuruni aliyepiga simu mbele ya wote. Kengele ya namna hiyo ikipigwa mara kumi bila sababu, hasara yake ni muda tu. Mtu akiogopa kuchekwa akanyamaza siku ya kumi na moja, gharama yake ni roho za watu.