Lori la Kukodi Huhesabiwaje?

Abiria anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Musoma anaweza kuulizia nauli halali akaonyeshwa, kwa sababu Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga viwango vya juu vya nauli za mabasi. Anayekodi lori kwa njia hiyo hiyo hana kiwango cha kuonyeshwa. Bei ya kubeba mzigo ni ya mapatano: mwenye mzigo hutaja yake, mwenye gari hutikisa kichwa, dalali huingia kati, na jioni gari hupakiwa kwa bei ambayo hakuna kati ya watatu hao awezaye kuapa kuwa ndiyo ya haki. Mahali pasipo na bei elekezi, kitu pekee kinachoweza kumwonyesha mtumiaji hali ya soko ni takwimu. Kwa hiyo tumeona vema kueleza katika somo hili namna takwimu hizo zinavyokusanywa, zinaona nini, na ni safari zipi zinazopita bila kuonekana.

Tuanze kwa kutazama barabara. Mtu akisimama Nyakato kando ya barabara ya Musoma asubuhi ya siku ya kazi, ataona malori mengi yakitoka kwenye viwanda na maghala. Kwa macho yote ni malori. Kwa mtakwimu, hata hivyo, yamo makundi mawili yasiyochanganywa. Lori la kiwanda linalobeba bidhaa za kiwanda hicho hicho hadi kwa wanunuzi wake halihesabiwi katika uchukuzi wa mizigo. Kazi yake huhesabiwa ndani ya uzalishaji wa kiwanda, kama inavyohesabiwa kazi ya mlinzi wake au ya karani wake. Lori linalobeba mzigo wa mtu mwingine kwa malipo ndilo la kukodi, na hilo peke yake ndilo huingia katika fungu la uchukuzi wa mizigo kwa barabara, ambalo katika mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi hujulikana kwa namba 4923. Kuhamisha samani za nyumba kwa malipo kumo katika fungu hilo, na kukodisha lori pamoja na dereva wake kumo pia. Lakini lori lililokodishwa bila dereva huhesabiwa kwingine, ghala la kuhifadhia lina fungu lake, na vibarua wa kupakia na kupakua wana lao.

Mpaka huo ni rahisi kuuchora kwenye karatasi kuliko barabarani. Lori la kiwanda likishusha bidhaa zake Bunda na kupakia mahindi ya mfanyabiashara wakati wa kurudi, kwa malipo, limekuwa la kiwanda wakati wa kwenda na la kukodi wakati wa kurudi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba biashara huwekwa katika fungu la shughuli yake kuu, kwa hiyo mahindi yale yatabaki chini ya kivuli cha kiwanda. Hili si kosa la mtu yeyote. Ni bei ya kutumia kanuni moja kwa wote, nasi hatuoni njia bora zaidi. Lakini msomaji afahamu kuwa sehemu ya uchukuzi wa kukodi hupotea pale.

Vyanzo na macho yake

Hakuna daftari moja linaloandika kila safari ya lori nchini. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutegemea kumbukumbu zinazotunzwa na taasisi nyingine kwa kazi zao wenyewe, kisha hujaza mapengo kwa tafiti. Usajili wa magari katika Mamlaka ya Mapato Tanzania hueleza ni malori mangapi yamesajiliwa. Kibao cheupe cha namba huonyesha kuwa gari ni la biashara, lakini hakisemi mzigo ni wa nani, wala usajili hausemi kama gari bado linatembea au limelala miaka mitatu chini ya mwembe likisubiri injini. Leseni za LATRA hukaribia zaidi jambo tunalolitafuta, kwa kuwa aliyeomba leseni ya kubeba mizigo ametangaza kuwa yumo katika kazi hiyo. Hata hivyo leseni huonyesha ruhusa ya kufanya kazi. Kazi iliyofanyika haimo.

Mizani za Wakala wa Barabara (TANROADS), kama ile ya Usagara kwa wanaotoka Mwanza kuelekea Shinyanga, huona kazi yenyewe. Chini ya sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari lenye uzito wa tani 3.5 au zaidi hutakiwa kupimwa, na uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na mzigo wake ni tani 56. Kwa hiyo mizani hutoa hesabu ya magari na uzito wake siku kwa siku. Lakini mizani iliwekwa kulinda barabara. Inajua kuwa gari ni zito. Haijui kama shehena imelipiwa. Tena haioni safari isiyofika mizani. Kenta inayochukua magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuyashusha kwenye ghala la Nyakato inaweza kufanya hivyo mara nne kwa siku, mwaka mzima, bila tairi lake kugusa mizani hata mara moja.

Vipo pia vyanzo vinavyobadilika bila mtakwimu kuulizwa. Kwa miaka mingi magari yaliyovuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi yalipanda kivuko, na kila gari lililokata tiketi lilikuwa limehesabiwa. Tangu Juni 2025, Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa, foleni ile imekwisha, jambo ambalo kila msafirishaji amelishukuru. Pamoja na foleni, hesabu ya tiketi nayo imeacha kuwa kipimo. Mtu akilinganisha malori ya miaka ya kivuko na ya miaka ya daraja analinganisha vitu vilivyopimwa kwa rula mbili.

Tatizo la vyanzo kukatika si letu peke yetu. Marekani ilianza kuhesabu malori na matumizi yake kwa utafiti maalumu mwaka 1963, ikauacha baada ya ule wa mwaka 2002, na haikuurudia mpaka ule wa mwaka 2021.

Tani, na umbali wa tani

Uzito peke yake hupotosha. Lori moja likibeba tani 10 kwa kilometa 200, na Kenta ikibeba tani 2 kwa kilometa 6, jumla ya mzigo ni tani 12, lakini kazi hizo mbili hazilingani hata kidogo. Kwa sababu hiyo mtakwimu huzidisha uzito kwa umbali: lori limefanya tani-kilometa 2,000, Kenta 12. Kipimo hiki ni cha haki kwa anayetaka kujua barabara kuu zimebeba nini. Kwa mkazi wa Nyakato kina upungufu wake, maana kilometa sita za mjini zinaweza kuwa ndizo zinazokula sehemu kubwa ya faida ya gunia.

Msomaji awe mwangalifu pia na takwimu za Pato la Taifa, ambazo kwa sasa hukokotolewa kwa bei za mwaka 2015. Humo atakuta mstari wa usafirishaji na uhifadhi wa mizigo. Mstari huo umekusanya mabasi, reli, meli, ndege na maghala pamoja na malori. Dalali akimwambia kuwa bei imepanda kwa sababu sekta ya usafirishaji imekua, huo si ushahidi wa bei ya Fuso.

Mdadisi anapofika

Kumbukumbu zote hizo zikishakusanywa, bado linabaki pengo la wenye gari moja au mawili, ambao hawana mhasibu wala ofisi. Kampuni kubwa ni rahisi kuifikia. Wadogo huchaguliwa wachache kwa sampuli, na jibu la mmoja husimama badala ya wengi wasioulizwa. Kwa hiyo mwenye Kenta anayepunguza safari zake kwa kuogopa kodi hapunguzi zake tu. Hupunguza za wenzake wote anaowawakilisha, na wanaopanga barabara, maegesho na vituo vya mizigo hupewa Nyakato isiyokuwepo.

Hofu hiyo tunaielewa, lakini sheria imeijibu. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inataka taarifa za mtu mmoja mmoja zitunzwe kwa siri na zitumike kwa takwimu tu. Mdadisi halali hubeba kitambulisho, na mwananchi ana haki ya kukiomba kabla ya kujibu. Anayedai fedha, au anayetaka namba ya siri ya simu au ya benki, si mdadisi.

Hujibu dodoso la namna hii si wenye magari pekee. Mwenye duka, kiwanda au ghala anaweza kuulizwa alilipa kiasi gani kusafirishiwa mizigo katika miezi 12 iliyopita, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa malipo yalifanywa mkononi, pembeni ya gari, injini ikiunguruma. Tunashauri kila mzigo uandikiwe karatasi kabla gari halijaondoka: namba ya gari, jina na simu ya dereva, aina na uzito wa mzigo, mahali pa kupakia na pa kushusha, bei iliyopatanwa, na sahihi za pande zote mbili. Stakabadhi ya malipo idaiwe pia. Unga ukifika umelowa, au magunia yakipungua matatu njiani, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa na yeyote atakayesikiliza malalamiko. Asiye nayo hubaki na neno lake dhidi ya neno la dereva ambaye huenda amekwisha kupata mzigo mwingine wa Kahama.

Nakala moja ibaki kwa mwenye mzigo, nyingine aende nayo dereva. Ya mwenye mzigo itunzwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, mahali pakavu, ikiwa imepangwa kwa miezi.