Yusufu Wawili na Rosa Mmoja: Kubadili Bwana Si Kuwa Huru



Vijana wenzangu, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wengi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, wengine na minyororo shingoni. Misafara ya namna hiyo ndiyo anayoisimulia Abdulrazak Gurnah katika Paradise (1994), ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Hebu tuisome pamoja na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi.

Yusuf, mtoto wa miaka 12, anakabidhiwa kwa mfanyabiashara Aziz kama rehani ya deni la baba yake. Amezoea kumwita kama ndugu wa ukoo. Khalil, naye aliyewekwa rehani, anamfumbua macho: huyu si ndugu yako, ni bwana wako. Kumbe tabaka linaweza kujificha ndani ya neno tamu la undugu!

Rosa hakuwekwa rehani, ila alilelewa kwa hofu. Baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, alimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Alipotoka nyumbani, uhuru ulimjia ghafla, akajipoteza kwa wanaume. Charles, mchumba wake, alipogundua kuwa si bikira, akamkataa. Rosa akajiua.

Wanafalsafa wanaita hali hii utengano: unaishi maisha yako kana kwamba ni ya mtu mwingine. Yusuf anahesabiwa kwa deni, Rosa kwa ubikira. Wote wanatamani jambo moja tu, kupendwa kama watu. Tamaa hiyo si dhambi. Mtakatifu Augustino anatufundisha kwamba moyo hautulii mpaka ufike kwa Mungu.

Shida ni pale tunapokimbilia. Mwishoni Yusuf anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Kijerumani: ametoka kwa bwana mmoja, anaelekea kwa mwingine. Rosa naye alitoka kwenye hofu ya baba, akaingia mikononi mwa wanaume waliomtumia.

Sasa mtazame Yusufu wa kitabu cha Mwanzo. Naye aliuzwa, akapelekwa Misri na msafara, akasingiziwa na mke wa bwana wake, akafungwa. Alipokutana na ndugu zake hakusema mateso yale yalikuwa mazuri. Alisema wazi kwamba walimkusudia mabaya, ila Mungu aliyageuza kuwa mema. Akasamehe bila kuuficha ukweli. Kwa hiyo tusimwambie anayeonewa "vumilia tu" kisha tukaondoka.

Mambo haya yapo hata leo. Binti anachukuliwa kijijini "akasome kwa shangazi" mjini, akifika anageuzwa mfanyakazi asiye na mshahara wala daftari. Jina la shangazi hapo linafanya kazi ileile ya undugu wa Aziz. Yesu amefanya kinyume: aliye Bwana kweli ametuita rafiki.

Tujiulize wiki hii:
1. Nani nyumbani kwetu anaitwa ndugu lakini anatendewa kama mtumwa?
2. Ninapokimbia maumivu, ninakimbilia kwa nani?

Na kama umefika mahali pa kuchoka kuishi kama Rosa, usikae peke yako. Ongea leo hii na padre, sista, mlezi au mtu mzima unayemwamini. Thamani yako haikuandikwa na Charles.

Bikira Maria, Waridi lenye fumbo, utuombee.