SOMO: Gesi ya majira ya baridi, na majirani wanaogombana

Wahenga walisema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Somo la leo linatoka Ulaya, ambako baridi inaweza kuua mtu ndani ya nyumba yake. Huko watu wengi hupasha nyumba joto kwa gesi inayoletwa na mabomba kutoka mbali.

1. Yaliyotokea
Mnamo Januari 2009, Urusi na Ukraine ziligombana juu ya bei ya gesi na madeni. Wakati ule, karibu asilimia 80 ya gesi ambayo Urusi iliuzia Umoja wa Ulaya ilipita Ukraine. Tarehe 7 njia hiyo ilifungwa kabisa, ikafunguliwa tarehe 20. Bulgaria na Slovakia hazikuwa ndani ya ugomvi ule, lakini ziliumia sana. Viwanda vilisimama, na huko Bulgaria shule kadhaa zilifungwa kwa sababu ya baridi.

2. Chanzo cha mateso
Bulgaria ilitegemea muuzaji mmoja na njia moja. Nchi nyingine za Ulaya zilikuwa na gesi ghalani, lakini mabomba mengi yaliweza kuipeleka upande mmoja tu, toka mashariki kwenda magharibi. Basi mwenye nacho alishindwa kumsaidia asiye nacho.

3. Walichojifunza
- Kuweka akiba: wakati wa joto gesi hushindiliwa chini ya ardhi, hutolewa wakati wa baridi.
- Kuunganisha majirani kwa mabomba yanayopeleka gesi pande zote mbili.
- Kutafuta wauzaji wengine.

Tarehe 1 Januari 2025, katikati ya vita, mkataba wa kupitisha gesi ya Urusi nchini Ukraine uliisha, na njia ikafungwa. Safari hii Slovakia haikukosa gesi. Lakini Transnistria, eneo la Moldova lililotegemea njia ile, lilibaki bila joto majumbani. Aliyejiandaa aliokoka, asiyejiandaa alilipia ugomvi wa wengine.

4. Maswali ya kujadili katika kikundi
a) Katika mtaa wenu, ni kitu gani mnachopata kwa njia moja tu: maji, chakula, umeme? Njia hiyo ikifungwa, nani ataumia kwanza?
b) Katika maji ya kina ya Ziwa Kivu kuna gesi ya methani, mali ya Congo na Rwanda pamoja. Ni mapatano gani yafanyike mapema, ili viongozi wakikosana mwananchi asiumie?