Maji Kwanza, Miti Baadaye

Wenzangu, nyumbani kwetu Teso hakuna bomba wala umeme. Nilipoanza bustani nilipanda michungwa 20 bila kufikiri habari ya maji. Kiangazi kilipofika, mama alibeba ndoo kutoka kisimani kila jioni. Hata hivyo ilipona 3 tu. Kosa lilikuwa langu.

Hesabu ni hii: mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu la bati ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 25 hutoa karibu lita 1,000. Basi nikatia mifereji na tangi. Mvua zilipoanza nikapanda tena, mita 6 kati ya mti na mti, maharagwe katikati. Mama habebi tena maji ya miti. Ndugu, kabla ya kununua mche, pima paa lenu.